Mzazi Akisahau, Sisi Tusimsahau

Wahenga walisema kwamba utu uzima dawa, na jamii zetu zimeishi kwa kauli hiyo tangu kale. Mpaka wa shamba ukizusha ugomvi, huitwa mzee. Ndoa ikiyumba, huitwa mzee. Kijana akitaka kujua nasaba yake, humwendea mzee. Sasa je, inakuwaje pale ambapo mzee mwenyewe ndiye aliyepotewa na kumbukumbu, hata jina la mwanawe aliyemzaa limemtoka? Hapo wengi wetu hushikwa na bumbuazi. Hatukufundishwa jambo hilo nyumbani wala shuleni.

Jambo lenyewe halizungumzwi makazini. Mtumishi akifiwa, ofisi nzima huchanga na gari likatafutwa la kwenda msibani. Walimu ni hodari zaidi katika hilo. Lakini mtumishi ambaye mama yake amekesha usiku kucha akigonga milango, asubuhi huja kazini na macho mazito, akaulizwa habari za nyumbani, akajibu kwamba ni njema. Anaona aibu. Anadhani akisema watu watasema kwao kuna wazimu, au kuna jambo baya zaidi ya wazimu. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Mimi nimeficha kwa miaka kadhaa, na leo naona ni wajibu wangu kusema, nikianza na nyumbani kwetu.

MWALIMU ALIYERUDI SHULENI USIKU

Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa miongoni mwa vijana waliofunzwa ualimu katika miaka ya 1970 kwa ajili ya mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, na tangu hapo alifundisha madarasa ya kwanza na ya pili katika kijiji kimoja cha mkoa wa Shinyanga hadi alipostaafu mwaka 2012. Watu wazima wengi wa kijiji kile walizisikia herufi kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwake.

Mnamo mwaka 2018 alianza kuuliza swali lile lile mara nne katika saa moja. Sisi watoto tulicheka, tukasema ni uzee. Baadaye alitia chumvi mara tatu katika mboga moja. Kisha akapotea njia akirudi kutoka gulioni, njia aliyoipita kwa zaidi ya miaka 30. Kisha akamtuhumu dada yangu kwamba amemwibia fedha za pensheni. Fedha hizo tulizikuta ndani ya debe la unga, alikozificha kwa mkono wake mwenyewe.

Usiku mmoja wa mwaka 2021, yapata saa nane, mama alifungua komeo akatoka, miguu mitupu, hana hata khanga begani. Jirani yetu mmoja alisikia kishindo uani kwake, akatoka na panga. Aliona mwanamke mzee, nywele zimetimka, amesimama gizani akisema peke yake. Kila msomaji anayeijua mikoa ile anafahamu jinsi mambo ya namna hiyo yalivyokwisha kwa akina mama wengine. Lakini yule jirani, kabla hajainua mkono, alisikiliza. Mama alikuwa akiita majina, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mwalimu anayeita mahudhurio. Yalikuwa majina ya darasa la yule bwana mwenyewe, darasa la miaka ya 1980. Lilipofika jina lake, aliitika, "Nipo, Mwalimu." Aliweka panga chini, akamshika mkono, akamrudisha nyumbani.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi. Mama yangu aliokoka kwa sababu alikuwa mwalimu na jirani yule alikuwa mwanafunzi wake. Wako mabibi wengi katika nchi hii ambao hawakuwahi kufundisha mtu yeyote, na usiku hawana jina la kuita ambalo jirani atalijua. Haifai hata kidogo uhai wa mzee uning'inie katika bahati kama hiyo.

UCHAWI AU UGONJWA?

Ni jambo la aibu kubwa kwa taifa letu kwamba kwa miaka mingi, hususan katika mikoa ya kanda ya Ziwa na ile jirani, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Dalili zilizotajwa ni macho mekundu, kusema peke yake, kutembea usiku, na kumwendea jirani bila sababu inayoeleweka. Hebu tuzitazame dalili hizo kwa akili ya mtu aliyesoma. Macho mekundu aghalabu ni matokeo ya moshi wa kuni na wa samadi ambao mwanamke huyo ameupuliza jikoni maisha yake yote ili watoto wale. Hizo nyingine, kusema peke yake, kutangatanga usiku na kuingia nyumba isiyo yake, ni dalili zinazoonekana mara kwa mara katika ugonjwa wa ubongo ambao waganga huuita dimensia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri.

Maradhi haya si uzee wenyewe. Wako wazee wa miaka 90 wanaokumbuka deni la mwaka juzi mpaka senti ya mwisho. Dimensia ni kuharibika kwa chembe hai za ubongo, na sababu zake ni nyingi. Iliyo kubwa ni ugonjwa unaobeba jina la Alois Alzheimer, mganga wa Kijerumani aliyeueleza hadharani mwaka 1906 baada ya kuuchunguza ubongo wa mgonjwa wake wa kike aliyekuwa amefariki mwaka huo huo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na dimensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Basi wale wanaosema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu hawana hoja. Hapa kwetu, utafiti uliofanyika katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013, ulikadiria kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi, asilimia 6.4 walikuwa na maradhi haya. Hao ni takriban wazee sita katika kila mia moja.

Hadi sasa haijapatikana dawa ya kuyaponya. Ziko dawa zinazoweza kupunguza makali kwa baadhi ya wagonjwa kwa muda. Hata hivyo, kumpeleka mzee kwa mganga ni lazima, tena mapema, kwa sababu si kila anayesahau ana dimensia. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, sonona, damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka, kaswende ya siku nyingi, au dawa nyingi zinazotumiwa kwa pamoja, vyote vyaweza kumfanya mtu aonekane amepotewa na akili, na vingi kati ya hivyo vina tiba. Kadhalika, mzee aliyekuwa na nafuu akivurugikiwa ghafla katika siku moja au mbili, tusiseme tu kwamba ugonjwa umezidi. Pengine ni malaria, nimonia, au maambukizo ya njia ya mkojo, na apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

MZIGO WA MWENZIO

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii ilinisuta mimi. Kwa miaka mitatu nilikuwa Dar es Salaam nikituma fedha kila mwezi, na kila nilipotuma nilijiona mwana mwema. Aliyebeba kanda lenyewe ni dada yangu. Alikuwa fundi cherehani mwenye wateja wake mjini. Aliacha kazi akarudi kijijini, kwa kuwa katika kikao cha familia sisi wanaume tuliona ni jambo lisilohitaji hata mjadala kwamba mama aangaliwe na binti. Hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Mwaka 2022 nilipata likizo, nikakaa na mama majuma mawili ili dada apumzike. Siku ya tano, baada ya usiku wa nne bila usingizi, mama aliniuliza kwa mara ya ishirini mimi ni nani na nafanya nini nyumbani kwake. Nilimfokea. Nilimfokea mama yangu mzazi, mwalimu wangu wa kwanza, akajikunyata kwenye kona ya kitanda kama mtoto anayengoja fimbo. Baada ya dakika kumi alikuwa amesahau. Mimi sijasahau. Jioni ile nilimpigia simu dada nikamwuliza ameyawezaje mambo haya kwa miaka mitatu. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Siyawezi, kaka. Nayafanya tu."

Ndipo nilipofahamu kwamba katika nyumba yenye maradhi haya wagonjwa ni wawili, yule anayesahau na yule anayemwuguza. Anayeuguza hukosa usingizi, hukosa kipato, hukosa hata wa kuzungumza naye, na uchovu wake huweza kugeuka ukali, na ukali ukageuka kipigo. Si kwamba ana roho mbaya. Ni kwamba ameachwa peke yake. Na kidole kimoja hakivunji chawa.

Tangu mwaka ule tumegawana zamu. Kila mmoja wetu, mwanamume kwa mwanamke, hukaa na mama sehemu ya likizo yake, na fedha tunazochanga zinamlipa pia dada, kwa sababu anachofanya ni kazi. Ameirudia cherehani yake siku tatu kwa juma.

TULIYOJIFUNZA

Naomba niyataje machache ambayo yametusaidia, huenda yakamfaa msomaji aliye katika taabu hiyo.

La kwanza ni kuacha kubishana. Mama akisema anakwenda kugonga kengele, zamani tulimwambia kwamba amestaafu, na kwamba yule mwalimu mkuu anayemtaja amekufa. Alilia kana kwamba ndiyo kwanza anapata habari ya msiba, na kesho yake tukamfisha yule marehemu tena. Siku hizi dada humwambia, "Leo ni Jumapili, Mwalimu, shule imefungwa." Hutulia, akaomba chai. Wako watakaosema kwamba huo ni uongo. Mimi naona ni adabu ya kumfuata mzee pale alipo, kwa kuwa yeye hawezi tena kuja tulipo sisi.

La pili ni utaratibu. Kuamka, kuoga, kula na kulala viwe kwa saa zile zile. Aambiwe jambo moja kwa wakati mmoja, kwa maneno machache. Apewe kazi anayoiweza. Mama huchambua mchele na maharage kwa makini kuliko sisi, na akimaliza huonekana mwenye furaha ya mtu aliyefanya kazi.

La tatu ni usalama. Komeo la mlango liwekwe juu au chini, mahali ambapo mkono wake hauendi kwa mazoea. Taa ndogo iwashwe usiku. Jiko, kisima, panga na dawa viwe mbali naye. Kipande cha kitambaa chenye jina lake na namba ya simu ya nyumbani kishonewe ndani ya nguo.

La nne, na kwetu ndilo lililokuwa gumu zaidi, ni kuwaambia majirani. Tulikwenda nyumba kwa nyumba pamoja na balozi, tukaeleza kwamba mama ni mgonjwa, na kwamba akionekana usiku asikemewe bali ashikwe mkono na kurudishwa. Siri ilipotoka, hofu nayo ilitoka. Tangu siku hiyo amerudishwa nyumbani mara tatu, na mara zote amerudishwa akiwa amevikwa khanga ya mtu mwingine.

La tano ni mambo ya mali. Yafaa wosia na hati ya kumpa mtu mamlaka ya kusimamia fedha za mzee viandikwe mapema, mbele ya mwanasheria, wakati mzee bado anaelewa anachotia sahihi. Sisi tulichelewa. Katika ofisi moja mama alipofikishwa kwa uhakiki wa pensheni, alishindwa kutaja mwaka wa kuzaliwa kwake, na kijana aliyekuwa dirishani akacheka na kumwita mwenzake aje kuona. Kijana yule anajua kusoma. Yuko mwalimu aliyemfundisha.

WAJIBU WA TAIFA

Katika mwaka 1962, alipokuwa akieleza misingi ya Ujamaa, Mwalimu Nyerere alikumbusha kwamba yule mzee aliyeonekana katika jamii ya jadi akiishi bila kufanya kazi, alikuwa amekwisha kuifanya kazi yake ujanani. Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo, lilipotaka kila mtu aishi kwa jasho lake, liliwatoa katika sharti hilo watoto wadogo na wazee wasiojiweza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ikaja kutamka kwamba familia ndiyo ngome ya kwanza ya matunzo ya mzee. Maneno hayo yote ni mazuri. Lakini ngome isiyopelekewa askari wala chakula huanguka.

Tuitazame sheria inayotuhusu sisi watumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kama ilivyotungwa, inampa mfanyakazi likizo yenye malipo ya siku zisizopungua 4 mtoto wake akiugua au akifariki. Inampa siku hizo pia akifiwa na mwenzi wake wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu. Basi mzazi akifa, zimewekwa siku za kumzika. Mzazi akiugua, kifungu hicho hakikumtaja. Hapana shaka waliotunga hawakukusudia ubaya; walifuata desturi yetu ya kuheshimu msiba kuliko uuguzi. Lakini yafaa wabunge wetu na vyama vya wafanyakazi wajiulize kama ni haki mtumishi kupewa ruhusa ya kumfukia mama yake, asipewe ruhusa ya kumlisha. Na hadi hapo sheria itakapotazamwa, mkuu wa idara na mwalimu mkuu wanaweza kutumia busara zao. Kubadilishana vipindi au zamu hakuhitaji kikao cha Bunge.

Visiwani, tangu Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imekuwa ikitoa pensheni kwa kila mzee aliyefikisha miaka 70, awe aliajiriwa au alikuwa mkulima na mvuvi. Mfano huo unastahili kuangaliwa kwa makini na Bara. Na wilayani Hai kumejaribiwa jambo jingine lenye manufaa: wazee wenye dimensia walikusanywa katika vikundi vidogo kwa vikao 14 vya mazungumzo, nyimbo, michezo na kumbukumbu za zamani, na matokeo yaliyochapishwa yalionyesha nafuu katika kumbukumbu na katika hali ya maisha yao. Tiba ya namna hiyo haihitaji mtambo ghali. Inahitaji chumba, benchi, na mtumishi aliyefunzwa. Hapana kata isiyoweza kuvipata vitu hivyo, iwapo wizara itakubali kuwafunza wauguzi na maofisa ustawi wa jamii.

Walimu nao wana nafasi yao. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet, katika taarifa yake ya mwaka 2024, ilikadiria kwamba takriban asilimia 45 ya dimensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa iwapo mambo 14 yangeshughulikiwa. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa tumbaku, ulevi wa kupindukia, kutosikia na kutoona vizuri bila kutibiwa, hewa chafu, upweke, na elimu duni ya utotoni. Mwalimu anayemzuia mtoto asiache shule anamlinda pia mzee atakayekuwa baada ya miaka 60. Na mwalimu anayewaeleza wanafunzi wake, kwa dakika kumi tu, kwamba bibi anayesahau ni mgonjwa wala si mchawi, pengine anaokoa maisha ya mtu wiki hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa mabalozi na viongozi wa matawi. Mkutano wa kijiji usikose agenda hiyo.

Mama yangu sasa hanijui. Nikifika hunikaribisha kwa heshima kama mkaguzi wa shule, akanipa kiti, akaniomba radhi kwamba madaftari hayajasahihishwa. Nami humwambia kwamba nimeridhika na kazi yake. Kisha huketi kando yangu, tukachambua mchele.